Kumlisha mbwa nyama mbichi kwa bajeti ndogo: mwongozo kamili

Siku ya nne ya kumlisha Doa nyama mbichi, nilimkuta uani anazunguka, anachuchumaa, ananyanyuka, anachuchumaa tena, kisha ananitazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. Kilichotoka baada ya dakika kumi kilikuwa kigumu na cheupe, na kilipokauka kilivunjika kama chaki. Kosa lilikuwa langu. Kwa siku nne mfululizo nilimpa shingo za kuku peke yake, kwa kuwa bei yake ilikuwa ya chini kuliko kitu kingine chochote, nikadhani nimegundua njia ya mkato. Shingo ya kuku, zaidi ya theluthi ya uzito wake ni mfupa. Mbwa wangu alikuwa anashiba mifupa iliyopakwa nyama.

Tangu hapo nimebadili ninavyolielewa neno "bajeti". Wengi wanaoanza hukimbilia nyama ya bei ya chini kabisa, hununua aina moja kwa wingi, na baada ya miezi kadhaa humlipa daktari wa mifugo zile fedha walizodhani wameziokoa. Kinachopunguza gharama kwa kweli ni mizani ya jikoni, friza, na kujua kila kipande kinaingia fungu gani: nyama, mfupa, ini au kiungo kingine. Ukishaijua hesabu hiyo unaweza kuchukua vitu ambavyo wanunuzi wengine wanavipita, ukavipanga vikawa mlo kamili.

## Kwanza, je, nyumba yako inafaa?

Sehemu hii usiiruke hata kama nyama imeshanunuliwa. Mwaka 2012 Chama cha Madaktari wa Mifugo cha Marekani kilipitisha msimamo wa kutoshauri mbwa na paka walishwe nyama mbichi, na sababu kubwa ni vijidudu vya maradhi. Kati ya 2010 na 2012 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya nchi hiyo ilipima sampuli 196 za chakula kibichi cha wanyama wa nyumbani: 15 zilikutwa na salmonela na 32 zilikutwa na listeria. Mbwa mzima mwenye afya mara nyingi hula bakteria hao bila kuonyesha dalili yoyote, kisha huwatoa kwenye kinyesi na kuwasambaza kwa ulimi. Anayeugua ni mtoto anayetambaa sakafuni.

Kwa hiyo, kama nyumbani kuna mtoto mchanga, mjamzito, mzee dhaifu au mtu ambaye kinga yake ya mwili iko chini, pika. Nasema hivi nami ni mtu wa kulisha mbichi. Tumia mafungu yaleyale nitakayoeleza hapa chini, ondoa mifupa yote, chemsha nyama, na weka unga wa ganda la yai mahali pa mfupa. Kwamba nyama mbichi inaishinda iliyopikwa kwa afya ya mbwa ni dai ambalo halijathibitishwa. Faida kubwa, yaani kujua hasa kilichomo bakulini, unaipata kwa njia zote mbili.

Mbwa mwenye ugonjwa wa figo, aliyewahi kuugua kongosho, anayetibiwa saratani, au jike mwenye mimba, asibadilishiwe chakula bila daktari wa mifugo kuhusishwa.

Na watoto wa mbwa? Hapa nina msimamo mkali: subiri. Nyama ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno. Mbwa anayekua akilishwa nyama tupu, mwili wake huichota kalsiamu kutoka kwenye mifupa yake mwenyewe, hadi ikalainika na kuvunjika kwa kuruka tu. Ukiogopa hilo ukazidisha kalsiamu, mtoto wa mbwa wa aina kubwa huharibika mifupa na viungo kwa njia nyingine. Nafasi kati ya makosa hayo mawili ni nyembamba, na si mahali pa kujifunzia. Mpe chakula cha dukani kilichotengenezwa kwa ajili ya watoto wa mbwa hadi amalize kukua, yaani karibu mwaka mmoja kwa mbwa wadogo na mwaka mmoja na nusu au zaidi kwa wale wakubwa.

## Hatua ya 1: Mpime mbwa, kisha pima chakula

Mbwa mzima hula kwa siku chakula kibichi chenye uzito wa asilimia 2 hadi 3 ya uzito wake. Anza na 2.5. Mbwa mdogo sana wa kilo nne au tano huhitaji zaidi, hata asilimia 4, kwa sababu mwili mdogo huchoma nishati kwa kasi. Jitu la kilo 45 huweza kutosheka na 2 au chini yake. Tumia uzito anaotakiwa kuwa nao. Mbwa mnene ukimpimia kwa uzito wake wa sasa, unaulisha unene.

Kama huna mizani ya kumpimia mnyama, panda mwenyewe kwenye mizani ya bafuni, soma, kisha panda tena ukiwa umembeba, utoe tofauti. Mizani ya jikoni ya gramu nayo ni lazima. Ukitumia jicho tu utazidisha, na kila gramu 50 za ziada kwa siku ni zaidi ya kilo 18 za nyama kwa mwaka.

## Hatua ya 2: Yajue mafungu

Mgawanyo wa kuanzia ambao walishaji wengi hutumia ni asilimia 80 nyama, 10 mfupa mbichi unaolika, 5 ini, na 5 kiungo kingine cha ndani. Si sheria iliyoandikwa kwenye jiwe, ila ni mahali pazuri pa kusimama.

Pesa inaokolewa kwenye lile fungu la asilimia 80, kwa sababu "nyama" hapa haimaanishi minofu. Moyo ni msuli, kwa hiyo ni nyama. Firigisi ni nyama. Ulimi, nyama ya mashavu, nyama ya kichwa, na vile vipande vinavyokatwa ili steki ipate umbo zuri, vyote ni nyama. Utumbo pia huingia hapa. Pafu nalo huhesabiwa hapa, ila lina hewa nyingi na mbwa wengine huharisha wakilila kwa wingi, hivyo lifanye kitu cha mara mojamoja. Nina mwaka wa tatu sijanunua mnofu safi kwa ajili ya Doa, na sioni sababu ya kuanza.

Ini lina fungu lake, na halina mbadala wa bure. Limejaa vitamini A, na vitamini hiyo hujilimbikiza mwilini. Asilimia 5 inatosha. Mbwa anayelishwa ini kwa wingi kwa miezi anaweza kuumia mifupa na viungo. Kwa kuwa ini ni la bei nafuu mahali pengi, kishawishi cha kuzidisha kipo. Kizuie. Chagua la ng'ombe, kondoo au mbuzi mara nyingi zaidi kuliko la kuku au nguruwe, maana lina shaba nyingi zaidi. Fungu la kiungo kingine lijaze kwa figo, bandama, kongosho au korodani. Bandama hasa ni hazina, kwa sababu wanunuzi wengi hawaitaki.

Mfupa ndio unaowachanganya watu, kwani hakuna anayeuza "mfupa asilimia 10". Unanunua kipande chenye nyama na mfupa, na lazima ujue mfupa ni kiasi gani. Kwa makadirio yanayotumika sana, miguu ya kuku, ile ya chini yenye kucha, ni mfupa karibu asilimia 60, bawa 46, mgongo 44, shingo yenye ngozi 36, na paja zima lenye mguu wake karibu 30. Zikariri namba hizo tano, au ziandike na kuzibandika kwenye mlango wa friji kama nilivyofanya mimi baada ya siku ile ya chaki.

Mgawanyo huo peke yake una mashimo. Zinki hupungua kama unalisha kuku pekee, kwa hiyo angalau nusu ya nyama iwe nyekundu. Omega-3, vitamini D na ayodini huja na samaki wa baharini. Sadini wa kopo waliowekwa kwenye maji bila chumvi wanafaa kabisa, na hugharimu kidogo kuliko chupa ya mafuta ya samaki. Manganizi iko kwenye kome, na kiasi fulani kwenye mboga za kijani zilizopikwa. Vitamini E ni ngumu kuipata kwenye nyama, na mbwa anayekula samaki anaihitaji zaidi. Vidonge vyake havigharimu sana, na kipimo akupe daktari kwa kuangalia uzito wa mbwa.

Kuna jambo moja ambalo wafuasi wa dhati wa nyama mbichi hawapendi kulisikia. Mbwa si mbwa mwitu. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, walionyesha kwamba mbwa wana nakala nyingi za jeni inayotengeneza kimeng'enya cha kumeng'enya wanga, kati ya nakala 4 na 30, wakati mbwa mwitu huwa na 2 tu. Kwa maneno mengine, tumbo la mbwa limeishi na binadamu. Ukibanwa na fedha, ondoa sehemu ya nyama ya msuli, isiyozidi moja ya tano ya bakuli lote, na mahali pake uweke boga, viazi vitamu au wali uliopikwa ukaiva vizuri. Ini, kiungo kingine na mfupa viache kama vilivyo. Nimefanya hivyo miezi ambayo mambo hayakuwa mazuri, na sikuona tofauti yoyote kwa Doa isipokuwa choo kikubwa zaidi.

Vya kukwepa kabisa: kitunguu maji, kitunguu saumu, zabibu mbichi na kavu, chokoleti, na chochote kilichotiwa sukari ya zailitoli. Mabaki ya mezani karibu yote yana kitunguu, hivyo yasihesabiwe kuwa njia ya kubana matumizi.

## Hatua ya 3: Kununua visivyotakiwa

Nenda kwa mchinjaji au muuza nyama saa asiyo na wateja wengi, na umwambie wazi kwamba unalisha mbwa na utakuja kila wiki mbili. Uliza anatupa nini. Usimwombe "mabaki", maana utapewa mafuta na ngozi kwenye mfuko mmoja. Taja vitu kwa majina: mioyo, bandama, vipande vya shavu, migongo ya kuku. Mtu akijua unakuja siku maalumu huanza kukuwekea, na mara nyingi bei hushuka bila wewe kuiomba.

Nunua kwa wingi, na kama kuna jirani anayefuga mbwa, gawaneni sanduku zima. Waulize pia ndugu na marafiki wanaosafisha friza zao: nyama iliyokaa miezi mingi hadi ikakauka pembeni haiwavutii wao, lakini kama haikuwahi kuyeyuka na haijatiwa viungo wala chumvi, mbwa hana tatizo nayo.

Lakini si kila cha bure kinafaa. Hivi nimejifunza kuvikataa:

Nyama ya mnyama aliyekufa mwenyewe, au aliyechomwa sindano ya kumaliza maisha. Dawa ile hubaki kwenye nyama, na mbwa aliyeila anaweza kufa. Kuku wagonjwa na ndege wa porini waliokutwa wamekufa wako kwenye kundi hilohilo. Aprili 2023, mjini Oshawa, Canada, mbwa mmoja alikufa kwa homa ya mafua ya ndege baada ya kutafuna bata bukini wa porini.

Koo la ng'ombe au kondoo ambalo halijasafishwa. Ni rahisi na mbwa hulipenda mno, ila tezi ya shingoni hushikamana nalo, na mbwa akila tezi hizo mara kwa mara homoni yake huongezeka hadi anakonda, anahangaika, na moyo unakwenda mbio. Kama huwezi kuitambua tezi, acha koo.

Mafuta matupu na ngozi kwa wingi. Huo ni mwaliko wa ugonjwa wa kongosho, na usiku mmoja wa dripu kwa daktari hula akiba ya miezi mingi.

Nyama ya nguruwe mbichi. Ipo maradhi ya virusi ya nguruwe, yaitwayo Aujeszky, ambayo humuua mbwa ndani ya siku chache, na usitegemee kugandisha kuyazuia. Ukipata nguruwe wa bei nzuri, mpike.

Mwisho, nyama iliyoshinda kwenye joto mchana kutwa na kuuzwa kwa punguzo wakati wa kufunga. Bei ni tamu. Inuse kwanza, kisha uiache.

## Hatua ya 4: Friza, na minyoo ambayo hutaiona

Kugandisha hakuui salmonela wala listeria; huwalaza tu. Kunachoua ni vimelea vingi vya minyoo, na hilo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, hasa kwa mlishaji wa bajeti ndogo, kwa sababu sisi ndio tunaolisha mapafu na maini.

Kuna mnyoo tegu mdogo sana aitwaye Echinococcus. Kondoo, mbuzi, ng'ombe au ngamia hubeba viluwiluwi vyake ndani ya vifuko vya maji, mara nyingi kwenye ini na mapafu. Mbwa akila kifuko hicho kibichi, minyoo hukua utumbo mwake, naye haonyeshi dalili yoyote. Baada ya wiki sita hivi, mayai huanza kutoka kwenye kinyesi, hushika kwenye manyoya yake, na mtu anayempapasa kisha akala bila kunawa huyameza. Vifuko hivyo huja kuota ndani ya ini au mapafu ya huyo mtu, na hukua polepole kwa miaka.

Kwa hiyo, kila ini na kila pafu lipasue kabla ya kuligandisha. Livutie kwenye mwanga, pitisha vidole juu yake, sikiliza kisu. Ini lenye afya ni laini na rangi moja. Ukikuta kipovu cheupe kilichojaa maji, kikubwa kama njegere au kama yai, usikitoe ukalisha kilichobaki: kipande chote kifukiwe au kichomwe mahali ambapo mbwa hafiki. Nilichokikuta mara moja kilikuwa ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, kimejificha upande wa chini wa ini ambalo juu lilikuwa linang'aa. Siku hizi viungo vyote vya ndani navigandisha kwenye nyuzi 18 hadi 20 chini ya sifuri kwa wiki tatu kabla ya kuvitumia. Kama friza yako haifiki huko, au umeme hukatika mara kwa mara, chemsha viungo vya ndani kwa nusu saa na uendelee na nyama mbichi kwenye mafungu mengine. Vilevile panga na daktari ratiba ya dawa ya minyoo yenye praziquantel. Penye ugonjwa huu, kila wiki sita ni ratiba ya busara.

Samaki wa kulishwa wabichi nao wagandishwe angalau siku saba kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Samaki wa familia ya salmoni wanaotoka pwani ya Pasifiki ya Amerika Kaskazini mimi huwapika bila mjadala, kwani hubeba kimelea chenye ugonjwa unaoua mbwa.

## Hatua ya 5: Siku moja ya kazi, wiki nzima ya kula

Doa ana kilo 20. Asilimia 2.5 ni gramu 500 kwa siku, kilo 3.5 kwa wiki. Hesabu inaenda hivi.

Mfupa, asilimia 10 ya kilo 3.5, ni gramu 350. Natumia migongo ya kuku, ambayo mfupa wake ni asilimia 44, kwa hiyo gramu 800 za migongo zinanipa mfupa niutakao pamoja na gramu 450 hivi za nyama. Ini ni gramu 175. Figo au bandama, 175 tena. Nimebakiwa na gramu 2,350 za kujaza kwa nyama isiyo na mfupa: moyo wa ng'ombe 500, firigisi 500, sadini 200, mayai mawili ambayo bila ganda ni kama 100, na gramu 1,050 za vipande vya shavu na vya kupunguzia, vyenye mafuta kiasi.

Kata kila kitu, weka kwenye beseni moja kubwa, changanya kwa mikono, kisha gawa kwenye vyombo saba vya gramu 500. Migongo isiyosagwa naiweka pembeni, nigawanye kipande kwa siku, na chombo cha siku hiyo nakipunguza kwa uzito huohuo. Andika tarehe. Kazi yote hunichukua saa moja na nusu, na sehemu ndefu kuliko zote ni kuosha. Wakati mwingine natengeneza wiki nne kwa mpigo.

Kama hutaki kulisha mifupa, na hilo ni jambo la busara kwa mbwa anayemeza bila kutafuna, tumia ganda la yai. Lioshe, likaushe kwenye oveni au kikaangio kikavu kwa dakika kumi, kisha lisage hadi liwe laini kama unga wa ngano. Likibaki na chengachenga linakwaruza na halimeng'enywi vizuri. Nusu kijiko cha chai kwa kila nusu kilo ya nyama isiyo na mfupa hutoa karibu gramu moja ya kalsiamu. Usiweke mfupa na ganda kwa pamoja.

Yeyusha chakula ndani ya friji, kwenye rafu ya chini, usiku kucha. Kisitoke nje kukaa mezani. Kikishayeyuka kiliwe ndani ya siku mbili.

## Hatua ya 6: Kumhamisha bila kumvuruga tumbo

Wiki ya kwanza tumia mnyama wa aina moja tu, mwenye mafuta kidogo. Kuku au bata mzinga asiye na ngozi. Siku mbili za kwanza weka robo ya chakula kipya, mbili zinazofuata nusu, kisha robo tatu, hadi kizima kufikia siku ya saba au ya kumi. Mfupa uanze mapema, kwa kuwa hukaza choo. Ini lingoje wiki ya pili, na lianze na kipande kama ncha ya kidole. Kila nyama mpya ipe siku nne au tano kabla ya kuongeza nyingine, ili tumbo likikataa ujue ni kipi.

Mbwa akiharisha siku moja, mpunguzie na urudi hatua moja nyuma. Akitapika mfululizo, akikataa maji, akivimba tumbo au kukiwa na damu, hilo si suala la mpito tena. Ni la daktari, siku hiyohiyo.

## Kulisha mfupa

Mfupa uliopikwa usilishwe kamwe, uwe umechemshwa, umechomwa au umekaushwa. Joto huufanya uvunjike kwa ncha kali. Mibichi ya kuku ni laini na hutafunika. Mifupa ya miguu ya ng'ombe, ile minene iliyobeba uzito wa mnyama, ni mibichi ndiyo, lakini ni migumu kuliko jino, na hulipasua lile jino kubwa la nyuma la taya la juu. Daktari akiling'oa, gharama yake ingekulishia mbwa kwa muda mrefu.

Kipande kiwe kirefu kuliko mdomo wa mbwa, ili alazimike kutafuna. Doa, mwenye pupa ya kuzaliwa, alijaribu kumeza shingo nzima siku ya kwanza. Ikarudi, akaitazama, akaimeza tena. Sasa namshikia upande mmoja kwa koleo hadi nisikie "krak" mara tano au sita. Usiondoke akiwa anakula mfupa.

Bakuli liwe la chuma cha pua, mbwa alie mahali panapofutika, na kisicholiwa ndani ya nusu saa kiondolewe. Osha bakuli, ubao na kisu kwa maji ya moto na sabuni, mbali na vyombo vya watu, na unawe mikono kwa sekunde 20. Kinyesi kiokotwe siku hiyohiyo. Na kulambwa uso baada ya mlo, hapana.

## Kinyesi ndicho cheti

Kinyesi cha mbwa anayekula hivi huwa kidogo, kigumu kiasi, na harufu yake si kali. Kikiwa cheupe na cha kuvunjika, mfupa umezidi: rudisha hadi asilimia 8 na uongeze nyama. Kikiwa cheusi na laini kama uji, ini au viungo vya ndani vimezidi. Kikiwa na ute, mara nyingi umebadilisha chakula haraka mno au kuna mafuta mengi. Cheusi cha kunata kama lami, kwa mbwa ambaye hakuongezewa ini, kinaweza kuwa damu iliyomeng'enywa, na hapo ni daktari.

Baada ya miezi mitatu mpeleke akapimwe damu na kinyesi, kisha mara moja kwa mwaka, na uende na orodha ya unachomlisha kwa gramu. Daktari asiyependa nyama mbichi akiona orodha iliyopimwa huzungumza nawe tofauti kabisa.

Kila wiki mbili mpapase mbavu. Kunja ngumi, pitisha kidole juu ya vifundo: mbavu zikihisika hivyo, mbwa amekonda. Fungua mkono, papasa mgongo wa kiganja juu ya mifupa ya vidole: hivyo ndivyo zinavyotakiwa. Geuza, bonyeza kiganja penye nyama: zikifichika hivyo, amenenepa. Ongeza au punguza chakula kwa sehemu moja ya kumi, subiri wiki mbili, upapase tena. Doa alianza na gramu 500. Kwa sasa anakula 450, na kila nikiweka chombo juu ya mizani hukaa pembeni yangu, macho kwenye namba, kana kwamba amejifunza kuzisoma.